Hodi Tatu za Mama Furaha

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele huko hapachekeshi. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, nikiwa na akili zangu timamu. Pombe sijawahi kuionja. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimelelewa na bibi aliyekuwa akinichapa nikichelewa madrasa. Nimekaa na kisa hiki miaka mingi, na leo nakitoa kwa sababu kinanila.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zikivuka ziwa kutoka Kongo kila siku. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa shirika moja, jina lake tuliache. Hatua chache kutoka wanapoanika dagaa tulikuwa na chumba cha mbao cha kuwaandikisha wanaoshuka. Kambi yenyewe ilikuwa mbali, bara, na huko kulikuwa na kompyuta nyingine yenye majina ya wote waliokwisha kupokelewa. Kazi yangu ilikuwa kuzifanya kompyuta hizo mbili ziongee, ili mtu akishuka na kumuulizia ndugu yake ajibiwe palepale.

Sasa nikueleze kidogo, na usiogope, ni rahisi. Programu mbili haziongei hivi hivi tu. Ya kambini inafungua soketi, yaani mlango wenye namba yake, inakaa hapo ikisikiliza. Ya Kibirizi nayo inafungua soketi yake, halafu inapiga hodi kwenye namba ile. Ikikaribishwa, zinaulizana na kujibizana mpaka mojawapo iage.

Je, ikipiga hodi isijibiwe? Hapo ndipo nilipoleta ujuaji wangu. Bibi alitufundisha kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa, wenyewe hawapo, geuka uende zako. Nikaona ni adabu nzuri, nikaiandika kwenye programu. Hodi ya kwanza, isubiri kidogo, ya pili, ya tatu, kisha iache. Mwanzoni ilipoacha ilikuwa inatoa maneno marefu ya Kiingereza kueleza kwamba upande wa pili haukujibu. Maneno hayo yalimchanganya Yohana, karani wetu, Muha wa Kasulu, na wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Nikayafuta. Nikaweka neno moja safi, kwa herufi kubwa: HAYUPO. Jina lisipoonekana kambini, HAYUPO. Mlango usipofunguliwa, HAYUPO vilevile. Wakubwa walinipigia makofi na mimi nikavimba kichwa.

Niamini, sikudhamiria ubaya. Programu nilikuwa nimeijaribu mjini Kigoma, kompyuta zote mbili juu ya meza moja, na hapo hodi ya kwanza hujibiwa kabla hujapepesa jicho. Sikufikiria jenereta la kambini, ambalo lilikuwa likizimika ovyo.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, akaja mama mmoja kutoka ng'ambo. Alisema walipokimbia, jirani alimpakia binti yake wa miaka saba kwenye boti ya kwanza, yeye akabaki nyuma kumngoja mumewe, ambaye hakutokea. Mtoto anaitwa Furaha. Nikaandika jina, na muda si muda likatoka lile neno langu.

Mama akainama kuitazama skrini. "Baba," akasema, "hiyo mashini imeuliza nani?"

Yohana akasema tuwaite watu wa kambini kwa redio ya upepo, tuhakikishe. Nikamcheka, nikamwambia yeye bado yuko zama za tarumbeta. Kusema kweli nilikuwa na njaa, na kwa mama ntilie ugali wangu na samaki wa migebuka vilikuwa vinapoa. Nikamgeukia yule mama nikatamka maneno ambayo sijui nitayajibia vipi mbele ya Mungu. Nilimwambia, "Mashine haidanganyi, mama."

Hakulia. Alikaa kwenye benchi, akasema kama mtoto hakuvuka, basi amebaki kule ufukweni. Jioni akapanda boti ya wafanyabiashara iliyokuwa inarudi Kongo.

Siku ya tatu nilifungua faili la kumbukumbu la programu kwa shughuli nyingine kabisa. Nikaona siku ile mchana kutwa ilikuwa ni hodi tupu, hakuna hata moja iliyojibiwa. Nikaliuliza upya jina la Furaha, nikajibiwa YUPO. Alikuwa amepokelewa wiki nzima kabla mama yake hajashuka. Nilikimbia hadi majini kana kwamba boti ingekuwa inaningoja. Wabeba mizigo wakaniambia boti ile haikufika. Upepo uliikuta katikati ya ziwa, na yaliyoonekana ni madumu tu, yakielea.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi ofisini, nikairekebisha programu kimyakimya, nikalifuta lile faili. Yohana alipouliza kama yule mama alimpata mwanawe, nilimwambia sina habari.

Ikapita wiki. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imetoka kukatika. Kwa kuogopa radi nilikuwa nimechomoa waya wa antena iliyotuunganisha na kambi, umelala sakafuni mbele ya macho yangu. Kompyuta yetu nayo ilikuwa na soketi ya kusikiliza, kwa ajili ya ujumbe wa kutoka kambini. Nikaona kwenye skrini: hodi. Nikautazama waya, uko chini. Ikaja hodi ya pili, na ya tatu. Mlango wa soketi ukafunguka bila mimi kugusa kitu, na jina likajiandika lenyewe: Furaha. Nilipoinua macho, mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi.

Unadhani niliogopa? Nilifurahi, wallahi. Nilijua ameokoka. Nikasimama nikamwambia mwanao yupo, mzima, yuko kambini, nitakutafutia gari sasa hivi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na ile siku," akauliza, "alikuwako?"

Hakutaka kitu kingine. Nilipewa nafasi ya kusema kweli, nikaiacha ipite. "Hapana, mama," nikasema. "Aliingia baadaye."

Alinitazama bila hasira. Laiti angekasirika. "Basi umwambie nilikuja," akasema. "Mutoto asiseme mama hakumutafuta."

Nikaahidi. Akatoka, nikamfuata mbio. Mlangoni Yohana alikuwa anaziba pancha ya baiskeli yake, na akaapa kwamba hajaona mtu kupita. Mchanga uliooshwa na mvua ulikuwa na nyayo za Yohana peke yake.

Nililala homa siku nne. Ujiji walinisomea dua, nikanywa maji ya kombe, na bibi akaniambia kuna kitu ninakificha na dawa ni kukisema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimsikia, sikumfuata.

Kambini nilikwenda, ndiyo. Furaha alinishika shati akauliza kama mama amekuja. Nikafikiria kwamba nikisema alikuja, ataniuliza kwa nini aliondoka. Nikamwambia, "Bado." Tangu hapo nilimnunulia sare, nikamsomesha, akaniita mjomba. Kila aliyenisifu kwa moyo wangu mzuri alikuwa ananichoma.

Na hodi hazikukoma. Nilibadilisha namba ya mlango, nikabadilisha kompyuta, nikaacha kazi. Programu yoyote niliyoiandika ikafungua soketi kusikiliza, ikifika saa tisa alasiri ilipigiwa hodi tatu kutoka anwani isiyokuwepo, kisha likaja neno moja: Ulishamwambia? Mwisho niliachana na kompyuta. Sasa nauza mbao, na simu yangu naizima kabla ya saa tisa.

Furaha sasa ni muuguzi, mama wa watoto wawili. Juzi kaniletea sahani ya pilau, akakaa, akasema hajui angekuwa wapi bila mimi, kwa sababu mama yake mzazi hakuhangaika hata siku moja kumtafuta. Alilisema hilo kwa utulivu, wala halimuumizi tena. Usiku ule sikupata usingizi.

Wewe unayesoma, uwe fundi, uwe karani, uwe nani: ukiwa hujajibiwa, sema hujajibiwa. Usimwambie mtu mwenye uchungu kwamba anayemtafuta hayupo, kwa kuwa umechoka kungoja au una njaa. Na ukishakosea, usifute.

Furaha si jina lako la kweli, lakini utajijua. Mama yako alikuja. Alivuka ziwa akakuulizia kwangu, na wewe ulikuwepo, nami nikamwambia hupo. Alizama akirudi kukutafuta.