Anachagua Tajiri kwa Nyundo ya Baba

Saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya yadi ya malori, dada wa miaka ishirini na saba analizunguka trela akigonga matairi kwa nyundo ya mbao. Anagonga, anasikiliza, anasogea. Madereva wanaopiga mswaki bombani wanacheka.

"Dada, umekuja kuomba kazi au kupiga ngoma?"

"Kazi, kaka. Ila kwanza nalihoji gari," anajibu bila kugeuka.

Wanamwita Binti Nyundo tangu alipopata leseni ya magari makubwa, miezi minne iliyopita. Hii ni yadi yake ya tano. Tatu zilimrudisha getini alipotaka kugonga matairi kwanza: dereva mgeni, tena mwanamke, achague nini?

Nyundo ni ya marehemu baba yake, aliyeendesha malori miaka kumi na tisa. Alimfundisha kwamba tairi lenye upepo wa kutosha huirudisha nyundo mkononi, lililopungua huimeza. Asubuhi ya safari yake ya mwisho, tairi la mbele liliimeza. Akamwambia tajiri wake, mwenye gari.

"Gari zima hilo, mzee. Panda uende, utabadilisha ukirudi."

Hakurudi. Tairi lilipasuka mteremkoni.

"Siku ya tatu ya msiba tajiri alikuja," binti anasimulia. "Tukadhani kaja kutupa pole. Kumbe anaulizia ufunguo wa akiba."

Mwezi uliopita tajiri huyohuyo alimpigia simu, akamwahidi mshahara mara mbili ya ule wanaolipwa madereva wapya. "Kiti cha baba yako hicho, mwanangu."

Nyumbani mama anashona nguo za watu, na wadogo zake wawili hawajaenda shule muhula mzima. Baba mdogo akamsihi: "Mkono mtupu haulambwi, binti yangu. Marehemu harudi. Kachukue kazi."

Akaenda. Akakabidhiwa ufunguo, lakini kabla ya kupanda akatoa nyundo. Tairi la tatu likaimeza.

"Gari zima hilo," tajiri akasema kutoka kibarazani. "Panda uende."

Maneno yaleyale.

"Nikamrudishia ufunguo wake," anasema. "Nililia njia nzima. Nilijua nimewanyima wadogo zangu muhula mwingine."

Leo, kwenye gurudumu la kumi na moja, nyundo hairudi. Anasimama, anagonga tena. Fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, anamwomba nyundo, anagonga mwenyewe, kisha anachora msalaba wa chaki ubavuni mwa tairi.

"Gari hili halitoki leo," anawaambia wanaocheka. Anamgeukia. "Mimi jana lilinipita hili. Njoo Jumatatu, binti."

Mshahara ni nusu ya ule alioukataa. Utamrudisha shule mdogo mmoja. Wa pili atasubiri, na bado hajaambiwa.

Jioni, mama anaipokea habari. Tangu msiba hakutaka kuiona nyundo ile ndani. Sasa anaichukua, anaufunga mpini wake uliopasuka kwa kipande cha shati la marehemu, anakaza fundo kwa meno.

"Uyagonge yote," anamwambia. "Hata la akiba."

Binti anapoulizwa ndoto yake, anaupapasa mpini.

"Kuzeeka nikiendesha," anasema. "Baba hakuwahi."