Miguu ya Ghorofani

Mimi ni fundi wa malori. Gereji yetu iko upande wa Kilindini, kwenye barabara ambayo matrela ya bandarini hupita mchana kutwa, na kwa miaka mingi nimekula kwa masikio zaidi ya kula kwa mikono. Dereva akiingia simwulizi gari lake linaumwa wapi. Namwambia awashe injini, nafumba macho, kisha nasema: nozeli, au beringi ya mbele kushoto, au wewe dereva ndiye mbovu. Sikosei mara nyingi. Mke wangu akisoma hapa atasema najisifu, na ni kweli najisifu, lakini bila kulijua hilo hutaelewa kilichonipata.

Mtoto wetu ni mmoja, msichana. Siku moja, akiwa bado wa kushikwa mkono barabarani, tulikuwa tukikatiza Mji wa Kale kurudi nyumbani Makadara. Katika kichochoro kimoja dirisha la ghorofani lilikuwa wazi, na ndani miguu mingi ilikuwa ikipiga sakafu ya mbao kwa pamoja. Mtoto akasimama. Nikamvuta, hakuja. Nikamwambia jua ni kali, nikamwambia kuna maji ya baridi mbele, nikamwambia nitamwacha. Akaketi chini na gauni lake la kanisani, akainua uso kuelekea dirishani, akanyamaza. Mimi ni mwepesi wa hasira, na nilikuwa nimeshapandisha sauti nilipomtazama vizuri usoni. Hasira ikaniisha pale pale. Sikuwahi kumwona mtu akisikiliza namna ile. Gereji wanasema mimi huwa hivyo, lakini mimi sijawahi kujiona.

Lilikuwa darasa la ngoma ya Kihindi, ile ya zamani, ambayo mchezaji hukunja magoti nusu, hupiga nyayo chini na kusimulia kisa kizima kwa vidole na macho. Mwalimu alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, mzaliwa wa mtaa huo huo. Nilipopanda kumwandikisha mtoto alinipokea ameketi kwenye kigoda, sari imemfunika mpaka vidole vya miguu. Hakuinuka kunisalimu. Nikajiambia, haya, fundi mwenye grisi kwenye kucha atainukiwa na nani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

"Darasa ni la wasichana watupu," aliniambia. "Wanaume hawapandi huku wakati wa kucheza. Utamngoja barazani. Na njuga asivae mpaka nimvishe mimi."

Njuga ni zile kengele ndogo ndogo zinazofungwa juu ya vifundo vya miguu. Mwisho wa kila mwaka mwalimu huwaita wazazi juu, watoto wacheze mbele yao, na wale ambao miguu yao imeiva huvishwa njuga siku hiyo hiyo. Ambaye bado, hurudi kucheza mwaka mwingine kwa miguu mitupu. Binti yangu alizitaka njuga hizo kuliko kitu chochote nilichowahi kumsikia akikitaka. Siku moja nilikuta ameziokota nati na washa kuukuu kutoka kwenye mifuko ya ovaroli yangu, akazitunga kwenye kamba, akazifunga miguuni. Nilimgombeza kwa ajili ya nati, kisha nikamletea nyingine.

Mke wangu ni muuguzi na Jumamosi mara nyingi huwa zamu, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ilikuwa yangu. Ndivyo nilivyojikuta mtu wa barazani. Mwenzangu wa kudumu alikuwa bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, aliyemleta mjukuu wake, na ambaye magoti yake yalikuwa yamegombana na ngazi za nyumba zote za mtaa ule. Alikuja na kofia yake ya kushona, akaweka sindano mdomoni, akanisogezea nafasi kivulini. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kinachofanyika huko juu. Tulikuwa watu wa kusikia tu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Wako leo yuwaonaje?"

"Hasemi kitu. Nikimwuliza wamefunzwa nini, ananijibu: miguu."

"Na wewe wataka akujibu nini? Si ndiyo miguu yenyewe."

Siku ya kwanza tu nilikuwa nimeshamtambua binti yangu kwa sikio. Mwalimu alikuwa akipiga kibao kwa fimbo, ta, ta, ta, na miguu ya watoto ikafuata. Katikati yake kulikuwa na mguu mmoja unaochelewa. Wenzake wakishatua, wenyewe ndio kwanza unafika, pu, kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani. Nikafumba macho nikasikiliza. Nikasema moyoni, huyu ni wangu. Nyumbani ndiye huangusha vikombe, ndiye wa mwisho kuvaa viatu, ndiye hugonga kona za meza kila asubuhi kana kwamba zimewekwa usiku. Nikamwonyesha bi mkubwa kwa kidole kuelekea juu: huyo anayechelewa, huyo ndiye wangu.

"Wallahi?" akasema. "Mimi wangu simjui. Nawachukua wote."

Nyumbani niliona mambo mengine ambayo sikujua niyaweke wapi. Jioni moja nilimkuta jikoni ameinama, akagusa sakafu kwa vidole, akagusa macho yake. Nikadhani ameangusha kitu.

"Naiomba ardhi radhi," akasema. "Nitaikanyaga."

Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi. Nimekanyaga ardhi hii maisha yangu yote, nimeimwagia oili chafu, nimeipiga nyundo, na haikunijia hata siku moja kwamba ingetaka kuombwa radhi. Baada ya hapo alikunja magoti, akafungua mikono, akaanza polepole. Nilimwona akiosha vyombo amekunja magoti vile vile. Nilimwona akikariri masomo ya shule na vidole vyake vya miguu vinahesabu chini ya meza. Nyayo zake zilikuwa ngumu kuliko zangu. Usiku mmoja nilipombeba kumtoa kwenye kiti alikolala, nilizishika nikaogopa kidogo, maana ni mtoto wangu na nilikuwa nimeshika miguu ya mtu nisiyemjua.

Lakini masikio yangu yaliniambia bado anachelewa, na masikio yangu niliyaamini.

Mvua kubwa zilipopita, kulitokea jambo barazani. Juu ya kibao cha mwalimu na miguu ya watoto, nikaanza kusikia miguu mingine. Haikuwa na kelele. Ilitua yote kwa mara moja, wayo mzima, na mbao zikajibu kwa sauti nene ambayo wengine hawakuipata. Ilitangulia, na wengine wakaifuata. Nikajua mwalimu sasa ameamua kushuka mwenyewe uwanjani. Bi mkubwa naye alisikia. Sindano yake ilisimama.

"Huyo ni mwalimu," nikamwambia. "Sikiza hapo. Umesikia anavyongoja? Kati ya pigo na pigo hana haraka. Wengine wanaogopa kimya, wanakimbilia kukijaza. Yeye anakiacha."

"Yuna miguu, mwalimu huyu," akasema bi mkubwa.

Kuanzia hapo Jumamosi zangu zikawa za miguu ile. Niliondoka gereji nikiwa nimewakemea vijana wangu, kichwa kimejaa injini, nikafika pale nikakaa, na ilipoanza nikatulia. Nilimwambia bi mkubwa kwamba ikiwa injini ingetengenezwa ikalia hivyo, ningefunga gereji nikakaa kuisikiliza. Nilimwambia kwamba hata inaponyamaza unajua iko pale pale, imesimama, wala haijachoka. Siku moja watoto walichoka wakavurugika wote, na miguu ile haikukasirika wala kuongeza nguvu. Ilirudi tu mwanzo, taratibu, ikawachukua mmoja mmoja mpaka wakawa pamoja tena. Nilisikia machozi yananijia, mbele ya watu, barazani, mchana kweupe. Nikasingizia vumbi. Bi mkubwa akaniambia Mji wa Kale una vumbi sana, akaendelea kushona.

Mwaka ukaelekea mwisho. Mtoto aliacha kula vizuri. Kila kitu kilikuwa njuga. Nami nikaona ni wajibu wangu kumwandaa, maana ni mimi niliyekuwa nikimsikia. Jioni ya Ijumaa nilimketisha.

"Mama," nikamwambia, kwa sababu ndivyo ninavyomwita, "njuga si kitu. Zikikosekana kesho, mwaka ujao zipo."

Akanitazama. "Wewe umesikia kwamba bado?"

"Bado kidogo. Si mbaya. Bado kidogo tu."

Hakulia. Aliinuka, akazifungua zile nati miguuni, akaziweka mezani mbele yangu, akaenda kulala. Nilidhani nimemsaidia.

Jumamosi wazazi tukaitwa juu, wanaume pia; mke wangu alikuwa zamu. Nilimshika bi mkubwa kiwiko, tukapanda ngazi zile moja moja, yeye akimtaja Mungu kwenye kila moja. Chumba kilikuwa kirefu, boriti juu, mbao chini zimeng'aa kwa nyayo za watoto. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda kile kile, na kibao chake mbele. Fimbo ya kutembelea iliegemezwa ukutani karibu naye. Sari leo ilikuwa imepanda kidogo, na nikaiona miguu yake: imevimba, imefungwa bendeji mpaka juu ya vifundo. Alitusalimu bila kuinuka. Nikaelewa kwamba siku ile ya kwanza pia hangeweza.

Akili yangu ilikuwa nzito, sijui kwa nini. Nilikuwa bado namngoja asimame acheze.

Wasichana wakaingia, wakagusa sakafu, wakagusa macho. Mwalimu akapiga kibao. Na miguu ile ikaanza.

Niliijua papo hapo, wayo mzima, ile sauti nene ya mbao. Safari hii haikuwa juu ya kichwa changu, ilikuwa ikipanda kwenye viatu vyangu mpaka magotini. Nikamtazama mwalimu. Ameketi. Nikafanya kama nifanyavyo gereji: nikafumba macho, nikageuza kichwa polepole mpaka sauti ikawa sawa kwa masikio yote mawili, kisha nikafumbua macho mbele yake.

Alikuwa msichana wangu.

Sijui kuieleza. Mtoto niliyemvalisha asubuhi, aliyegonga meza akienda kunywa chai, alikuwa amesimama mbele ya wote amekunja magoti, mgongo umenyooka, na sakafu ilikuwa yake. Aliinua mguu na chumba kizima kikangoja naye. Hakuwa na haraka. Macho yake yalifuata mkono wake, na mkono ulipokuwa, nikaona kweli pana mto unapita, na yeye anauvuka. Mwili ukanisisimka. Mguu wa kuchelewa ulikuwepo pia, wa msichana mrefu wa nyuma, ambaye alikuwa akitabasamu na wala hakuonekana kujali.

Bi mkubwa alinivuta shati. Alinong'ona, "Baba, mwalimu wetu ndiye huyu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwalimu alimwita binti yangu wa kwanza. Akamfunga njuga kwa mikono yake, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akikaza kamba kama mtu asiyetaka kuumiza. Mjukuu wa bi mkubwa alipata zake pia. Tulipokuwa tukiaga, mwalimu alinishika mkono kutoka pale kigodani.

"Yangu imekwisha hii," akasema akitazama bendeji. "Tangu mvua zile nafundisha kwa miguu ya mtoto wako. Si amekwambia?"

Hakuwa ameniambia. Wala mimi sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nikijiona najua.

Tulirudi Makadara kwa miguu. Tuktuk moja ilipunguza mwendo ikatuita, nikaipungia ipite. Binti yangu alikuwa amebeba njuga zake ndani ya mtandio, kifuani, kwa mikono miwili, ili zisilie.

"Ulisema bado," akasema mwishowe.

"Nilisema."

"Nilikuwa napiga vizuri ili usikie huko chini. Kila Jumamosi. Kwani ulikuwa hunisikii?"

Nikasimama. Watu wakatupita pande zote, mwenye mkokoteni akatuomba njia. Nilichutama pale pale ili tutazamane.

"Nilikusikia, mama. Kila Jumamosi. Ila nilidhani ni mwalimu."

Alinitazama, akilipima hilo, kwa uso ule ule wa siku alipokaa chini ya dirisha.

"Mimi?"

"Wewe."

"Na ulipodhani ni mwalimu, ulikuwa unasemaje?"

Nikampa mkono, tukaendelea kutembea, nikaanza kumwambia. Nikamwambia jinsi anavyotua wayo mzima na mbao zikamjibu. Nikamwambia kwamba haogopi kimya. Nikamwambia habari ya injini na kufunga gereji, na ile siku wenzake walipovurugika akawarudisha mmoja mmoja, na vumbi lililoniingia machoni ambalo halikuwa vumbi. Hakunikatiza hata mara moja. Tulipofika mlangoni petu nilikuwa nimemaliza yote. Aliketi kwenye ngazi ya chini, akafungua mtandio, akaninyooshea miguu nimfunge njuga, akaniomba nianze tena mwanzo.