Pua ya Kuazima

"Kimya!" anasema Colette Didierjean, na kidole chake kinaelekea kwenye redio. Mumewe, Régis, anaizima. Anaacha hata kukoroga kahawa yake.

Siagi iko jikoni, inaimba. Ndivyo wanavyosema huku mabondeni Vosges, milima ya mashariki mwa Ufaransa: siagi inaimba. Inatoa povu, inapasukapasuka, kisha ghafla inanyamaza. Ikinyamaza unaiepua hapo hapo. Ukizubaa imeungua, na siagi iliyoungua haisameheki.

Colette ameinamia sufuria, sikio la kulia chini, kama mkunga anayesikiliza tumbo la mzazi. Macho hayamsaidii. Povu limefunika kila kitu, na sufuria lenyewe ni la zamani, kitako cheusi tii.

Mpishi mwingine angetumia pua. Siagi hii ikiiva hunukia kokwa za kukaanga, ndiyo maana wenyewe wameipa jina la kokwa ingawa haina kokwa hata moja. Lakini Colette hanusi. Homa ya majira ya baridi ya mwaka juzi ilimlaza kitandani, na alipoamka pua ilikuwa pambo tu. Sisi wa Kiswahili tunasema mtu anasikia harufu. Huyu mama ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiisikia kweli, kwa sikio.

"Sasa hivi," ananong'ona. "Sasa hivi inanyamaza."

Mlango unafunguliwa kwa kishindo.

"Hodi wenyewe! Mbona nyumba imekuwa kama msibani? Wifi, mko hai humo?"

Ni Huguette, dada mkubwa wa Régis, mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Colette ananyanyua sufuria haraka, lakini tayari moshi mwembamba unapanda. Anaumimina ule mchuzi mweusi kwenye kopo la uchafu.

"Imeungua," Huguette anasema, akivuta hewa puani. "Huku mlangoni nasikia."

"Umeiunguza wewe na mdomo wako!"

"Mimi? Mimi nimetoa salamu tu. Siku hizi salamu inaunguza siagi?"

Régis anatazama kahawa yake. Katika nyumba hii yeye ndiye mpatanishi, na kama wapatanishi wengi, huwa anapatanisha kwa kutosema kitu.

Colette ana miaka sitini na miwili. Alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha pamba kilichokuwa chini ya bonde, mpaka kilipofungwa na mashine zikapakiwa kwenye malori. Ndipo akaanza kuoka nyumbani. Anaoka kitu kimoja tu: finansie, vikeki vya lozi vidogo vya mstatili, ukubwa wa kipande cha sabuni ya nyumba ya wageni. Ndani yake ni ute wa mayai, unga wa lozi, sukari, unga wa ngano kidogo, siagi ile inayoimba, na juu yake brimbeli tatu zilizodidimizwa kwa kidole gumba.

Mjini brimbeli, yale matunda madogo meusi ya porini, zina jina lingine. Ukilitumia huku watajua wewe ni mtalii, watakupandishia bei. Colette na mumewe wanazichuma wenyewe huko juu kwa mkono, si kwa kitana cha chuma kinachong'oa majani na matumaini ya mwakani. Na daima zinaokwa. Mbweha wanapita huko na kinyesi chao kina mayai ya minyoo, na hakuna familia isiyo na jamaa aliyewahi kutishwa na daktari kuhusu ini lake.

Viini vya mayai vinavyobaki anakula Régis. Asubuhi kimanda, mchana uji mzito wa maziwa na viini, jioni kimanda tena.

"Watu wameoa wanawake," anasema Régis. "Mimi nimeoa viini."

Pensheni ya kiwandani hailingani na baridi ya huku. Fedha ya finansie ndiyo inayonunua kuni na kulipia gari lao kuukuu, na bila gari mtu wa huku hana duka wala daktari. Wateja wake ni ubatizo, harusi, mazishi na soko la Jumamosi. Kwa miaka mingi hawakupungua.

Halafu ukaja ubatizo wa Juni.

Mtoto alikuwa wa fundi bomba, ukumbi ulijaa, Colette mwenyewe akapita na sinia. Kila aliyetafuna alitikisa kichwa na kusema, "Tamu sana, mama Colette!" Mwingine akadakia, "Tamu sana, tamu sana!" Padri naye hivyo hivyo.

"Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu kama mjinga," anasema.

Mjinga kweli, maana yeye amezaliwa hapa. Watu wa milima hii hawasemi "tamu sana." Chakula kikiwaingia mpaka rohoni, wanafuta midomo na kusema "si mbaya." Bibi harusi akipendeza kupita kiasi, si mbaya. Mtoto akifaulu mtihani, si mbaya. Mtu wa huku akikwambia chakula chako ni kitamu sana, jua anatafuta mbwa chini ya meza wa kumtupia.

"Nililijua hilo tangu nanyonya," Colette anasema. "Lakini nilitaka kuamini. Ukikosa pua unakuwa ombaomba. Mtu akikutupia neno zuri unalidaka, hutazami limetoka wapi."

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Sokoni watu walipita mezani kwake wakimwuliza habari za magoti. Mmoja alisema daktari kamkataza sukari. Wa pili naye daktari. Wa tatu vilevile.

"Kijiji kizima kilipata kisukari wiki moja," anasema Régis.

Aliyesema ukweli ni Huguette, tena mbele ya foleni ya mkate, bila kupunguza sauti.

"Wifi, nikuulize kitu. Siku ile ya ubatizo ulikuwa unaoka keki au unaziba vioo? Maana zilinuka ile puti ya madirisha!"

Colette alirudi nyumbani na kufungua kabati. Mfuko wa unga wa lozi ulikuwa umekaa wazi tangu Pasaka kwenye rafu iliyo juu ya bomba la maji moto. Mafuta ya lozi yakipata joto muda mrefu huharibika, na la kuvunda halina ubani. Mtu yeyote mwenye pua angeutupa mfuko ule akiwa bado mlangoni. Yeye aliupima, akauchekecha, akaukoroga, akaulisha ukumbi mzima.

Ulimi wake haukumwambia kitu. Siku hizi ulimi unajua tamu, chumvi, chachu na uchungu, basi. Kilichobaki chote kilikuwa kazi ya pua.

Lakini kulikuwa na pua nyingine ndani ya nyumba ile. Tangu homa, Régis ndiye aliyekuwa akionja kipande cha kwanza kabla ya sinia kutoka. Na asubuhi ya ubatizo alionja. Ninapomwuliza alisema nini, anageukia dirishani.

"Nilimwambia tamu sana."

Colette anacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Umesikia? Na mimi nikapakia gari!"

"Ningemwambiaje?" Régis ananiuliza mimi, kana kwamba nina jibu. "Hukumwona siku alipogundua hanusi. Alikaa na shati langu usoni, analinusa, analinusa, analia. Mtu kama huyo unamwambia keki yako inanuka puti? Nilisema labda ni pua yangu. Nilisema watu hawatagundua."

Nimewahi kuona wanaume wakivunja nyumba kwa ulevi. Huyu alikaribia kuivunja kwa huruma, na sijui kama nimkasirikie au nimwonee huruma na yeye.

Mpaka leo, ukiniondoa mimi, ni watu watatu tu wanaojua habari ya pua: Colette, Régis, na Huguette aliyeambiwa baada ya ile foleni ya mkate. Kijiji kinadhani Colette amezembea tu, au ameanza kununua vitu vya bei rahisi. Hiyo inamuuma zaidi kuliko kukosa oda. Lakini kusema ukweli nako kunamtisha. "Nani atanunua keki kwa mpishi asiyenusa? Wewe ungenunua?"

Sasa amepata nafasi moja. Noémie, mjukuu wa Huguette, anaolewa Jumamosi hii, na amekataa keki ya duka. Anataka finansie za brimbeli za bibi Colette, za kutosha wageni wote. Bonde zima litakuwepo, wakiwemo wale wa ubatizo. Sinia likipita salama, watarudi. Likinuka mara ya pili, hakuna atakayesema kitu, na Colette anaujua vizuri huo ukimya.

Huguette amekubali kwa sharti moja: hakuna kitakachoingia kwenye bakuli kabla hajakinusa yeye. Ndiyo maana leo yuko hapa, wakifanya jaribio la sinia moja.

Si kwa wema, anasema mwenyewe. "Mapishi ni ya mama yangu. Sufuria ni la mama yangu. Yeye kayapata kwa kuolewa na mdogo wangu. Sitaki mama aaibike kaburini."

"Mama yako alinifundisha mimi kwa sababu wewe ulikuwa huna subira," Colette anamjibu.

"Subira nilikuwa nayo. Sikuwa na hamu ya kuosha vyombo."

Anaufungua mfuko mpya wa unga wa lozi, anaingiza pua yake yote na kutoka na ncha nyeupe. "Mzuri." Ananusa mayai, ananusa siagi, ananusa brimbeli, ananusa hata kitambaa cha kufutia vibati vya kuokea na kukitupa sakafuni. "Hiki kinanuka kitunguu. Fua." Colette anafuata nyuma yake mikono ikiwa imefumbatwa kifuani. Jikoni ni kwake, na amekuwa mgeni.

Siagi ya pili inawekwa. Safari hii Huguette amesimamishwa kando ya jiko na kuapishwa kunyamaza. Ni mateso kwake, unaona shavu linavyocheza. Siagi inaimba. Colette anainamisha sikio. Inaimba, inapungua, inapungua, na kabla Colette hajanyanyua mkono Huguette anamgusa kiwiko. Wamelipata neno lile lile pamoja, mmoja kwa sikio, mwingine kwa pua. Sufuria linaepuliwa. Hakuna anayemtazama mwenzake.

Sinia linapotoka, Régis ananyoosha mkono kwa mazoea. Colette anampiga kofi la vidole.

"Wewe umestaafu."

Huguette anachukua kimoja, anakivunja, anakinusa katikati, anatafuna polepole akitazama ukuta. Colette ameshika ukingo wa meza. Nimewahi kukaa na watu wakisubiri majibu ya hospitali, na nyuso zilikuwa hizi hizi.

"Chumvi," Huguette anasema hatimaye. "Mama alitia chumvi kidogo, we umesahau. Na hizi za pembeni zimekauka, tanuri lako linachoma zaidi upande wa kushoto. Lozi ni lozi. Siagi ni siagi."

Colette anavuta kiti na kukaa. Anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye madoa ya zambarau ya brimbeli.

"Mbona unalia? Nimekukosoa mara mbili tu!"

"Ndiyo hivyo, wifi. Nikosoe."

Huguette hajui afanye nini na hali hiyo, kwa hiyo anakula kingine.

Lakini hofu haijaisha, na Colette hanifichi. Huguette ni mtu mzima, moyo wake haueleweki, na siku akiugua mafua nyumba hii haina pua kabisa. Na kuna jambo la watu. Wataonja Jumamosi wakiwa na ubatizo kwenye kumbukumbu, kila mmoja akijiandaa kusema tamu sana. "Hata ikiwa nzuri nitajuaje? Watasema neno la adabu, na mimi nitasimama pale na sinia langu nikiwatazama midomo."

Kisha anauliza gazeti ninaloliandikia hapa bondeni linatoka lini.

Ijumaa asubuhi, namwambia.

"Na naanza kuoka Ijumaa mchana." Anafikiri. "Basi andika. Andika jina langu lote, andika sinusi tangu homa, andika lozi za Juni zilikuwa zimeharibika na ni mimi niliyewalisha. Andika sasa naazima pua ya wifi yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimechoka kuumbuliwa kwenye foleni ya mkate."

"Colette," Régis anasema, "si lazima. Watu wameshasahau."

"Umeona?" ananiambia. "Ameanza tena."

Mpango wake ni huu: akivuka Jumamosi, atarudi sokoni na meza yake, na Huguette atakaa kiti cha pili na mdomo wake, alipwe kwa keki. Huguette anataka pia mto wa kukalia. Hilo bado linajadiliwa.

Anayetaka kughairi kula keki zake, Colette anasema, awe mgeni wa harusi au mteja wa zamani, apige simu nyumbani Ijumaa asubuhi kabla hajavunja mayai. Hatamlaumu mtu. Simu ameitoa sebuleni na kuiweka jikoni, kwenye kabati kando ya jiko, mahali anapoifikia kwa mkono mmoja. Ataipokea mwenyewe kila itakapolia, kwa sababu Régis akiipokea atamwambia walikosea namba.