Taulo la Njano

Wifi yangu alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na moja alishonea kwenye kibaraza cha duka langu la vitambaa. Kaka yangu, mume wake, alipofariki, ndipo nilipompa nafasi ile. Sikuiita huruma. Mteja akinunua kitambaa ndani na kupimwa hapo hapo nje, hapati muda wa kubadili mawazo. Tulifaidika wote wawili.

Alikuwa mkimya, mdomo umejaa pini. Kisha akaanza kwenda kanisani, lile la matofali nyuma ya ghala la saruji, na haikupita miezi mingi akawa mtu mwingine. Akawa anaimba huku anakanyaga cherehani. Mtu akimletea suruali iliyopasuka pabaya, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nimekulia sokoni. Nikimwona mtu ana furaha isiyo na sababu, najiuliza anaficha nini. Siku moja nikamwuliza huko kanisani wanampa nini.

Akatoa pini mdomoni. "Hawajanipa kitu, wifi. Nimetuliwa mzigo."

Nikamwambia mzigo hauyeyuki. Ukitoka kwako, kuna mtu kaubeba.

"Ndiyo hivyo," akasema, akacheka, akarudisha pini zake mdomoni. Nikaona nimeshindwa hoja bila kujua nimeshindwa wapi.

Siku yake ya kubatizwa ilipokaribia aliniomba jambo moja tu. Kanisani kwao watu huzamishwa kwenye birika lililojengwa mbele, na kila anayebatizwa huja na mtu wake wa kusimama ukingoni na taulo, ampokee akitoka majini. Si lazima mtu huyo awe muumini, ila awe wako kweli. Binti yake alikuwa shule ya bweni. Nilibaki mimi.

Nami nikafanya nilichozoea: nikaweka sharti. Kulikuwa na sare za shule nzima zinangoja. Nikamwambia azimalize kabla ya Jumamosi jioni, na Jumapili nitakuja kumfuta maji. Alizimaliza, vidole vimevimba. Taulo alinunua mwenyewe, la njano, akaniwekea juu ya kaunta nisije nikasingizia kusahau.

Jumapili asubuhi, nimeshavaa, simu ikalia: lori la marobota ya vitambaa limeingia ghala la jumla. Kwenye marobota ukichelewa unaachiwa rangi ambazo hata bure hazichukuliwi. Nikajiambia ibada zao ni ndefu, nitawahi. Nisiseme uongo. Nilipokuwa nafunga mlango nilijua sitawahi, maana taulo nililiacha pale pale juu ya kaunta.

Alasiri akapita dukani, nywele bado mbichi, na gauni jeupe alilojishonea. Nilikuwa nimeandaa maneno, hata kipande cha kitambaa kizuri cha kumpoza. Hakuniuliza kitu, zaidi ya kama nimepata bluu ya sare zinazofuata. Akachukua taulo lake juu ya kaunta, akalikunja, akaondoka akiimba. Angenigombeza ningejitetea, tungevutana, tukafika mahali. Hakunipa hata pa kuanzia.

Miaka ikapita. Kumbukumbu zake zikaanza kuchuja. Akawa anampima mteja mara mbili, au anashona mkono wa blauzi juu chini. Binti yake, ambaye sasa alikuwa na nyumba yake, akaja kumchukua. Kibaraza nikampangisha fundi simu. Fundi mzuri, lakini haimbi, na duka likawa kimya mpaka nikawa nasikia mkasi wangu mwenyewe.

Nilikwenda kanisani kwake kama ninavyokwenda kukagua bidhaa: nikakaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Nikarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Sikuona ajabu yoyote. Ila asubuhi moja nilikuwa napima kitambaa, mteja akanikatisha: "Mama, leo unaimba. Basi nipunguzie." Sikuwa najua kwamba naimba. Na nilimpunguzia, jambo ambalo fundi simu analisimulia mpaka leo. Nilipofunga duka nilikaa kwenye kibaraza nikafikiri: kumbe furaha yake ndiyo hii. Alikuwa nayo hapa hapa, hatua tatu kutoka kaunta yangu, miaka yote ile, akitaka kunigawia.

Nilipoamua kubatizwa, nikampigia binti yake amlete mama yake anipokee. Akasema: "Shangazi, siku hizi hata mimi hanijui." Nikamwambia amlete hivyo hivyo.

Wakamsimamisha ukingoni mwa birika. Binti alikuwa amelikuta taulo la njano kwenye sanduku la vitambaa, halijawahi kutumika, akampa alishike. Mimi nilikuwa majini mpaka kiunoni, mchungaji ameshaniwekea mkono begani, wifi aliponyoosha kidole.

"Mchungaji, ngoja kidogo. Wifi yangu yuko njiani."

Watu wakacheka kwa upole. Mchungaji hakucheka. Akainama, akaniambia polepole kwamba siku ya ubatizo wake wifi alisema maneno hayo hayo. Walimngoja mtu wake karibu nusu saa. Wakamtafutia mama mmoja wa kwaya ampokee, akakataa. Alitoka majini peke yake, akasimama anachuruzika mpaka wimbo ukaisha, macho mlangoni.

"Wifi," nikasema, "nimefika."

Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja mgeni. "Karibu, mama. Subiri hapo pembeni. Akifika tutaanza."

Nikazamishwa, nikainuka. Furaha ilikuwepo, siwezi kuikana. Ilinijaa mpaka pumzi ikawa fupi. Nikapanda ngazi za birika, nikamfikia. Taulo hakunipa. Alilikumbatia kifuani, kavu, limekunjwa vizuri, la mtu mwingine.

Sikumwomba. Nikasimama kando yake nikichuruzika maji, yeye na mimi tukitazama mlango.