Miembe ya Mzee Mtoro

Zuhura alimwonyesha baba yake mchoro wa mistari miwili: mbao ngumu zilizouzwa nje na Msumbiji na zilizouzwa na Tanzania, mwaka hadi mwaka. Mstari wa Tanzania ulikuwa umeshuka.

"Wenzetu wanazidi kukata, baba. Sisi tumejirekebisha."

Mzee Mtoro akaukazia macho mstari ule. Miaka kumi na moja alikagua malori ya magogo kwenye kizuizi cha barabarani, na kila gogo la mninga aliliandika mwembe, mti usiohesabiwa kwenye mbao ngumu, kwa kuwa wenye malori walijua kuomba naye hakujua kukataa. Msitu aliochezea utotoni kule Kiwangwa ulipita wote mbele yake, umebandikwa jina la mti wa matunda.

"Ila kitu kimoja kinanisumbua," Zuhura akasema, akifunua ukurasa wa pili, wa magogo ya mwembe yaliyopita vizuizini miaka ileile. "Miembe yote hii, baba, ilikuwa wapi?"