Homa ya Kompyuta

Juzi nilikuta simu ya mwanangu ikichajiwa, imepata moto. "Usizime, mama," akasema. "Wakati siitumii, nakopesha badokta nguvu yake, banapiga hesabu ya dawa." Nikaishika, mawazo yakanirudisha Kashikishi, utotoni mwangu.

Mchana ule nyumba yetu ilinuka chisense, visamaki vilivyoanikwa nje, na injini za mitumbwi zilisikika kwa mbali ziwani. Mdogo wangu Feza alikuwa amelala na malaria. Mezani kompyuta ya baba ilivuma peke yake, hakuna aliyeigusa.

"Iko natumikia badokta," baba alikuwa ameniambia. "Banatafuta dawa ya malaria."

Niligusa ubavu wa kompyuta. Ulikuwa moto kama Feza. Nikaona nayo inaugua kwa ajili ya watu. Basi nikachana kitambaa chenye maji cha Feza, nusu nikaiwekea kompyuta.

Baba alikiondoa bila kunigombeza, akakirudisha kwenye paji la Feza. Jua liliposhuka upande wa Kongo, Feza alikuwa amepoa mwili, akaomba samaki. Kompyuta ilikuwa bado moto, nikajua imeichukua homa yake.

Sasa najua ilikuwa ikipiga hesabu tu. Hata hivyo juzi, kabla sijairudisha simu mezani, niliiambia, "Pole."