Ramu ya hoteli ya Pwani niliyoitengeneza Gurei mbele ya mashahidi sita

Wakuu, na wakubwa wenu kama wapo humu, nawasalimu kutoka Juba.

Hii nitakayosema sikuisikia kwa mtu. Mashahidi ni sita na wote wako hai, ingawa mmoja kesho yake hakuamka mpaka saa sita mchana.

Shule niliacha darasa la tatu, vita ilipokuja. Kiswahili nilikiokota sokoni Kitale tukiwa wakimbizi, nikiuza dagaa. Kwa hiyo mwenye kutafuta makosa ya herufi apite, uzi huu si wake.

Nina mjukuu anaitwa Keji. Anafanya kazi Nairobi, ofisi ya lift na kiti cha kuzunguka. Nilimlea mimi, kwa mgongo huu huu.

Mwaka jana alinitoa Juba nikaenda kutolewa mtoto wa jicho. Macho yalipofunguka akaniambia, habooba (sisi huku bibi tunamwita hivyo), sasa twende uone bahari kabla hujaona kitu kibaya.

Akanipeleka hoteli ya Pwani, siku tatu.

Mimi maji makubwa ninayoyajua ni Nile. Ile bahari niliitazama nikauliza ng'ambo iko wapi.

Tukakaa. Weita akaniletea nanasi zima, limekombwa, ndani kinywaji cheupe, juu kamwavuli ka karatasi. Meza zote walikuwa wanakunywa hiyo hiyo. Nikauliza ni nini, wakasema ramu, pombe ya miwa, na nanasi na tui la nazi.

Nikamaliza. Nikaitisha nyingine. Nikapiga tatu, nikasimama wima kama mtiki, nikatembea mpaka chumbani bila kushika ukuta. Makawaja, wazungu, tena vijana kabisa, walikuwa wanashikiliwa huku na huku.

Mimi ni binti wa mpika araki, gongo ya kwetu. Nikajua hii iko kwenye damu.

Kamwavuli nikakafunga kwenye leso, nikarudi nako Gurei, mtaani kwetu Juba.

Hapo ndipo shida ilianzia.

Niliwasimulia akina mama wa kwaya. Wengine walishangaa vizuri. Lakini kuna Mama Kiden, jirani yangu, tulikuwa majirani hata ukimbizini, mwanamke ambaye ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kwanza. Akakashika kamwavuli, akakageuza, akasema haka ni ka keki ya birthday. Akasema hakuna bibi wa miaka yangu anayekunywa glasi tatu za ramu akatembea. Akasema labda hata bahari niliiona kwenye kalenda.

Wakacheka. Kufika Jumapili jina langu likawa Mama Bahari. Hata muuza mkaa ananiita hivyo.

Nyinyi wenye vyeti hamwezi kujua. Mtu aliyesoma akiitwa mwongo ana karatasi ya kuonyesha. Mimi nina neno langu tu. Likivunjika nimebaki na nini?

Nikasema kalas, basi. Nitaitengeneza hiyo ramu, watakunywa, nitakunywa mbele yao, nitasimama.

Ramu niliipata Hai Cinema, duka la mtu wa Uganda, chupa ina picha ya miwa. Tui la kopo nililifuata Thongpiny, kwenye duka la watu wa NGO, kwa sababu nazi Juba ni kama theluji. Mananasi yapo sokoni. Blender sina, na umeme wenyewe ni wa kuombea. Nikatwanga mananasi kwenye kinu cha karanga. Bonge la barafu nikalitia kwenye gunia nikalipiga mchi.

Nikachanganya. Nikaonja.

Moto. Ilinichoma mpaka masikioni.

Sasa hapa ndipo wakuu mnisikilize. Ile ya hoteli haikuwa na moto hata kidogo. Ilishuka kama juisi. Nikajiambia kosa ni langu, wale wa Pwani wana namna ya kuituliza. Nikaongeza nanasi. Sukari. Maziwa ya kopo. Nikaonja, bado. Sukari tena. Mwishowe moto ukapotea kabisa, ikawa tamu kama ile ile.

Ila ramu haikutoka humo. Chupa nzima ilikuwa ndani, imejificha.

Jumamosi mchana wakaja sita wa kwaya, Mama Kiden akiwamo, wakakaa chini ya rakuba, kibanda changu cha nyasi na nguzo. Kanisa letu glasi halikatazi, linakataza kulewa. Kwa hiyo wote walikuja na roho safi.

Na kwetu kuna desturi. Mwenye pombe anaonja kwanza, mbele ya mgeni, kila kikombe. Ukimpa mtu kikombe hujakionja ni kama umemwambia anywe sumu. Na si kulamba, unakunywa funda la maana. Kwa marisa, pombe yetu ya mtama iliyo kama uji, haina neno. Nimeonja marisa za matanga mazima nikaenda kuteka maji.

Wageni sita. Kila mmoja vikombe viwili. Hesabuni wenyewe.

Cha kwanza nilionja kwa heshima. Cha nne nilianza kuwapenda wote. Cha saba nilimwambia Mama Kiden kwamba wimbo anaoongoza kanisani anauimba kama mbuzi amekanyagwa, naye akakubali, akalia kidogo, akaomba cha pili.

Cha kumi na mbili nikaona wakati umefika. Nikasema Keji atoe ushahidi. Nikampigia, nikaweka loudspeaker, simu nikaisimamisha kwenye sinia.

"Keji, waambie hawa habooba alikunywa glasi ngapi."

"Tatu," akasema. "Tena alitembea mwenyewe."

Wakuu, nilipiga kigelegele majirani wakachungulia. Nikasimama niwaonyeshe ule mtiki.

Mtiki ukakaa chini. Haukuamua, ulikaa tu.

Mama Kiden akainama kwenye simu. "Binti yangu, mle ndani walitia nini?"

"Nanasi na nazi."

"Na ramu?"

Keji akaanza kucheka. "Habooba alikuwa kwenye dawa za macho. Daktari alikataza pombe. Nilimwambia weita asitie."

Barafu tu ndiyo ilikuwa inalia kwenye ndoo.

Yaani mwaka mzima nimejisifu kwa juisi. Nilitamani ile bahari ije mpaka Gurei inichukue.

Nikangoja Mama Kiden animalize. Alikuwa na haki. Alijaribu kusimama akashindwa, akanishika goti, akanitazama kwa jicho moja, lile lingine lilishalala.

"Ulisema tatu," akasema. "Mimi leo nimehesabu kumi na mbili. Wewe hukudanganya. Ulichelewa tu."

Na wote wakaitikia amina.

Tangu siku hiyo hakuna wa kwaya anayeniita Mama Bahari. Muuza mkaa bado, lakini yeye hakualikwa.

Nilichojifunza: kitu kikali kikiacha kuchoma usifurahi, uliza kimeenda wapi. Na desturi ya kuonja siitupi, ila ramu onjeni mara moja kutoka sufuria moja, mgeni akinuna anune.

Sasa nisaidieni. Wa Pwani, lile tui lilikuwa linajitenga na kukaa juu kama mafuta ya supu, nyinyi mnalifanyaje? Na anayejua vile vimwavuli vinauzwa wapi aniandikie hapa chini. Kangu kalipotea siku ile. Jumapili nilikaona kamechomekwa kwenye kilemba cha Mama Kiden, safu ya mbele, anaongoza wimbo.

Nimekaacha hapo hapo. Kanampendeza.